Bi Naushaba Akataa Kuanua Matanga

Huko Lucknow, mji mkuu wa Uttar Pradesh, watu wa mtaa wa Chowk hawapiti mlangoni kabla ya kubembelezana nani atangulie. Bi Naushaba aliingia nyumba ya matao matatu akiwa bi harusi, akazaa humo, akafiwa na mume humo. Nyumba hiyo ilijengwa enzi za manawabu, watawala wa zamani wa huko. Waingereza walipobomoa mitaa mizima baada ya vita vya 1857, yenyewe ilipona. Walioiua ni shemeji zake: waliiuza, mahakama ikaridhia, na Kazim Rizvi, msimamizi wa wabomoaji, akasimama langoni na watu wake na nyundo.

Lakini Kazim ni Shia kama wenye nyumba. Alisema mapema kwamba nyumba yenye bendera za kuwaomboleza mashahidi wa Karbala ukumbini haigusi. Akangoja Muharram, akangoja Safar, mpaka tarehe nane ya Mfunguo Sita, siku ambayo Lucknow huanua matanga: bendera hushushwa, wanawake huvua nyeusi na kuvaa bangili, na harusi hufunguliwa.

Siku ilifika, Bi Naushaba akabaki na nyeusi yake, bendera zikabaki juu.

“Matanga ni ya moyo, mwanangu,” alimwambia Kazim. “Wangu haujaanua.”

Kazim akainamisha kichwa. Simu ya tajiri wake ililia mfukoni, akaikata, ikalia tena. Mjanja bibi yule, na mimi simlaumu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ila hila yake ilikuwa na makali mawili. Kesho yake ilikuwa harusi ya mjukuu wake yatima, Shagufta, na wakwe walikwisha fika kutoka Faizabad. Nani huoza mtoto penye matanga? Mama wa bwana harusi aliketi uani, chai ikapoa mbele yake. Mwishowe alisema kwa upole kwamba labda warudi kwao, wasimsumbue mfiwa. Kwa lugha ya Chowk, hapo uchumba ulikuwa unavunjika.

Shagufta alikuja na bangili kwenye sahani, akaiweka chini.

“Bibi, ni wewe uliyenilea. Ukisema ningoje, nitangoja.”

“Ungenitukana ingekuwa nafuu,” alisema Bi Naushaba.

Langoni nyundo ziligongana, mtu akanyamazishwa. Bi Naushaba aliyatazama matao kwa muda, kisha akanyoosha mkono. Bangili zilikataa kupita kwenye vifundo vilivyovimba. Shagufta akazisukuma moja moja huku wote wawili wakilia. Bendera alizishusha mwenyewe.

Ndoa ilifungwa ukumbini kesho yake. Kazim hakuruhusu nyundo kuinuliwa mpaka bi harusi alipokwisha kutoka, na simu yake iliita mpaka ikachoka.

Ndani akabaki Bi Naushaba na kifurushi chake. Kazim alisogea kando ya lango, mkono kifuani.

“Tangulia, Bi Mkubwa.”

Maisha yake yote, hapo langoni, bibi huyo alikuwa amejibu, “La, wewe kwanza,” na mgeni naye angekataa, na wangesimama hata nusu saa. Kazim alilingoja jibu hilo. Wallahi alilitaka, angesimama naye hapo mpaka usiku.

Bi Naushaba hakulitoa. Alitangulia.