Kanzu ya Kushonwa Bila Kupimwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile babu yangu alipokwenda kuposa akaishia kukataa kuozesha.

Ulikuwa mwaka wa tisini, kabla ya vita. Babu Ramadhani, fundi cherehani wa Nyamirambo, alikuwa msemaji wa posa anayetafutwa kuliko wote Kigali. Desturi yetu unaijua: upande wa mvulana hukaa huku, upande wa msichana kule, na mzee mmoja kila upande hushindana kwa maneno. Huyu huomba, yule hukataa kwa vituko mpaka watu washike mbavu, ndipo binti atolewe. Wenzetu hushushia kwa pombe ya mtama. Sisi Waislamu tulishushia kwa fanta.

Tulikwenda Kabuga kumposea kijana wa jirani. Mzee Hamisi wa Biryogo, msemaji aliyealikwa na wenyeji, akatukaribisha na kutuuliza haja yetu. Babu akasimama, akarekebisha kofia, akatamka kwa sauti nzito, "Binti yetu bado mdogo. Rudini kwenu."

Watu wakacheka, wakidhani ni mbinu mpya. Kijana aliyekuwa akiposewa alicheka pia, ila kidogo. Babu akaendelea kukataa mpaka fanta zikapata joto. Mwishowe Hamisi akamwinamia. "We Ramadhani! Mwenye kuomba ni wewe!"

Tukarudi Nyamirambo. Tulijua kwamba mambo yameanza kumponyoka. Juzi yake tu alikuwa ameshona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Na posa ya dada yangu Halima ilikuwa inakaribia. Babu alimwahidi tangu utotoni kwamba siku hiyo atasema yeye, na hakuna jambo alilolingoja zaidi.

"Mzee apumzike," akaamua mjomba Juma. "Tutatafuta mtu mwingine."

Basi wakampumzisha. Kwa heshima wakamwondolea cherehani, wakamwekea kiti barazani, wakawa wanamjibia hata salamu. Mgeni akiuliza, "Mzee, hujambo?" Juma alidakia, "Mzee yuko sawa," na Babu akabaki na kinywa wazi.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, binti wa kubishia hata mawingu. Nikauliza, tangu lini jembe likanolewa kwa kufungiwa stoo? Hapo nilikuwa sawa. Lakini mwanangu, kuona kosa la mwenzako si kinga ya kufanya lako. Nikamletea Babu mpango niliouokota vitabuni: alfajiri kupanda mlima wa Rebero, chai bila sukari, mboga bila chumvi, na kukariri miji mikuu ya Ulaya.

Haikupita wiki, akaketi katikati ya mlima.

"Mjukuu wangu, huo mji mkuu wa Hungaria utanisaidia kumwoza Halima?"

"Utanoa akili, Babu."

"Umenishonea kanzu bila kunipima. Kanzu nzuri, sikatai. Lakini ni ya nani?"

Tukageuza, tukateremka mlima. Basi tukapima. Tulianzia zahanati, na kumbe presha ilikuwa juu. Akapewa vidonge, na chumvi akaiacha bila ugomvi. Sukari aliipunguza baada ya majadiliano marefu kuliko ya mahari. Cherehani tukamrudishia, Juma akinung'unika. Badala ya Rebero, kila asubuhi alitelemka kwa miguu hadi mtaa wa jirani, Biryogo, kwa Mzee Hamisi, kucheza igisoro, mchezo wetu wa kete, na kutukanana naye kwa adabu. Kurudi ni kupanda, lakini hasira ya kushindwa mchezoni ilimsukuma. Alirudi amechoka vizuri, akalala usingizi wa mtoto.

Na jioni alibishana nami.

"Babu, kwa nini ng'ombe atolewe kwa ajili ya msichana, siyo mvulana?"

"Kwa sababu hakuna anayemtaka mvulana mpaka aongezewe ng'ombe!"

Ubishi wangu, ambao mama aliuita ugonjwa, ukawa dawa ya mtu.

Siku ya Halima ikafika. Juma, kwa tahadhari, alimkalisha msemaji wa akiba nyuma ya Babu. Upande wa wageni akasimama Hamisi yule yule. "Tumekuja kuomba," akasema.

Babu akasimama, akarekebisha kofia. Kisha, "Na sisi tunaomba. Tupeni binti yenu."

Halima alinishika mkono mpaka kucha zikazama. Juma akampiga kiwiko yule wa akiba, naye akaanza kuinuka.

"Juma, mwambie akae," Babu akasema bila kugeuka. "Kule Kabuga nilikataa kutoa cha watu. Leo nilitaka kuona kama Hamisi ana chochote cha kutoa."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Hamisi alicheka mpaka akafuta machozi, na Babu akamkatalia mpaka fanta zikapata joto tena.

Je, alipona? Kesho yake aliniita kwa jina la shangazi. Uzee haurudi nyuma, na mimi siapii nisichokijua. Ila alitimiza ahadi yake kwa kinywa chake, na hilo halikutoka hewani.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje mvi ndipo uitunze akili. Pima presha, tembea, lala, punguza chumvi. Lakini kata kitambaa kwa kipimo cha mvaaji: anayependa kushona ashone, anayependa kugombana apate mgomvi mwema. Na mzee wako usimheshimu mpaka akakosa la kufanya. Akisalimiwa, mwache ajibu mwenyewe.

Mungu akupe miaka mingi na akili ya kuijua. Akupe na mjukuu mbishi, amina.