Mishale ya Shemeji

Mume wa mdogo wangu alikuwa mchoraji wa ramani za mabomba katika idara ya maji, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemshinda. Maji yakikatika, wenzake walikimbilia kuchimba pale pale palipokauka. Yeye alitandaza ramani mezani, akaweka kidole penye ukavu, akakirudisha nyuma taratibu, bomba kwa bomba, mpaka akafika palipoharibika. "Tatizo haliko linapoonekana," alikuwa akisema. "Lifuate nyuma." Wakichimba alipoonyesha, wanalikuta. Hilo namkubalia, ingawa mengine yake simkubalii mpaka naingia kaburini.

Kilichomuuma ni kustaafu akiwa mchoraji tu. Ukuu wa ofisi ya ramani, alioungoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, walimpa mwingine, halafu mwingine tena. Akarudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa, na kidole chake kile kile, hakina bomba la kufuata.

Wanawe wakamnunulia kompyuta ya mezani. Fundi aliyekuja kuiunganisha akamwekea programu kadhaa za kuandikia, ajaribu. Ya kwanza aliikataa siku hiyo hiyo, eti kurasa tupu kama daftari la mtoto. Nyingine ilipanga mambo kwa orodha, nayo akaitukana. Ya mwisho ndiyo iliyomteka roho. Hiyo ilimpa uwanja mweupe usio na mwisho. Wazo lako unalitia kwenye kisanduku, unalisogeza unapotaka, unachora mshale wa kulipeleka kwenye wazo jingine. Ndani ya kisanduku unaweza kuweka picha, barua ya zamani, hata sura nzima ya kitabu. Ukichoka kukiona unakikunja, kinabaki na alama ndogo ya kujumlisha pembeni. Ukiibofya alama hiyo, kinafunguka na kumwaga vyote vilivyo tumboni. Akaiweka iongee Kiswahili. Mdogo wangu aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kusifiwa kama programu ile ilivyosifiwa mbele ya wageni.

"Hii ina adabu," shemeji alisema. "Haisahau, hainikatizi, haiombi hela ya sabuni."

Akatangaza kwamba anaandika kitabu cha maisha yake, na jina lake ni Kilichonizuia.

Kila Jumapili baada ya chakula alituita sebuleni: mwanawe wa kiume, binti yake na mumewe, na mimi ninayekaa nyumba ya pili. Viti vilipangwa kuelekea kwenye skrini. Mdogo wangu alikuwa bado anakusanya sahani.

"Leo tunaangalia usaili," shemeji alisema, akasogeza kipanya. "Nilikosa ukuu kwa sababu gani? Nilichelewa kwenye usaili. Mshale huu hapa. Nilichelewa kwa nini? Shati halikuwa limepigwa pasi. Mshale. Halikupigwa kwa nini? Pasi ilikuwa imeungua. Pasi iliungua kwa nini?"

Mshale wa mwisho ulishuka mpaka chini kabisa ya uwanja, penye kisanduku kikubwa chekundu kilichoandikwa MKE. Hata jina hakumpa. Mishale mingine tele ilikuwa imekwisha kuchomwa humo, utadhani mto wa sindano wa mshonaji.

Mkwe wake akapiga makofi. "Baba, hii ni sayansi!"

"Mimi simlaumu mtu," shemeji akasema, akiegemea kiti. "Mishale ndiyo inayosema."

Nikashindwa kujizuia. "Shemeji, na ile mvua iliyong'oa paa lenu, nayo mdogo wangu aliipigia simu?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nitalifanyia utafiti," akasema. Na kweli, Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa na kisanduku chake. Paa liling'oka kwa kuwa nyumba iko mlimani, na nyumba iko mlimani kwa kuwa kuna mtu aling'ang'ania kukaa karibu na dada yake. Mshale, puu, kwenye chekundu. Safari hii nilichekwa mimi.

Siku hiyo mdogo wangu aliuliza swali lake la pekee. Alikuwa amesimama mlangoni na rundo la sahani mikononi. "Baba watoto, kila kisanduku kina mshale wa kurudi nyuma. Mbona changu hakina? Mimi nimesababishwa na nini?"

"Wewe ndiye chanzo, mama watoto," akamjibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Ukishafika kwenye chanzo, nyuma hakuna kitu."

Mambo haya usiyaone mchezo. Watoto walianza kuyaamini. Binti yule zamani alikosa chuo cha uuguzi kwa uvivu wa kusoma, nilimwona kwa macho yangu haya. Baba yake alipomchorea mshale kutoka chuoni hadi kwa MKE, akaushika kama dawa. Tangu hapo akawa hamwachii tena mama yake yule mtoto wake mchanga. "Nitamlea mwenyewe, mama," alisema. "Sababu unaijua."

Mdogo wangu akanifuata jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake safi. "Dada, anasema akimaliza atakichapa, kila mjukuu apewe nakala yake. Mimi nitakufa, kisanduku kitabaki. Ndicho watakachonijua nacho."

"Chemsha maji, ukaimwagie ile mashine."

"Nikiimwagia," akasema, "yatakuwa mshale mwingine."

Kiharusi kilimkuta shemeji kwenye kiti chake, mbele ya skrini, akiandaa ya Jumapili. Upande wa kulia wote ukaenda, na ulimi ukaenda nao. Daktari alisema anasikia na kuelewa kila kitu, kusema tu ndiko asikoweza. Mwuguzi wa mazoezi akashauri awe anakalishwa kwenye kompyuta yake, huenda mkono wa kushoto ukajifunza kuonyesha anachotaka. Akamfundisha mdogo wangu kuiwasha, kubofya, kufungua visanduku na kuvikunja. Mwanamke aliyekuwa haruhusiwi hata kufuta vumbi mezani pale alijifunza upesi kuliko nilivyotegemea.

"Haya, futa," nikamwambia. Shemeji alikuwa pale pale kitini, sikujali. "Kisanduku hicho, kidole hicho. Unangoja nini?"

Akanitazama kama niliyemtuma kuiba. "Nifute kazi ya mume wangu? Mbona hata haijasomwa vizuri. Jumapili alikuwa anafungua anavyovitaka yeye tu. Ona hizi alama za kujumlisha, dada. Zimejaa tele."

Jumapili akawaita wote. Akampangia mumewe mito, akamkalisha mbele kama mgeni rasmi. "Baba alitaka kitabu chake kisomwe," akasema kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto. "Tumsomee." Akabofya kando ya kisanduku cha mkwe, kikamwaga.

"'Mkwe. Alimwoa binti kwa tamaa ya nyumba. Hupiga makofi ili asisahaulike kwenye urithi.'"

Shemeji akatoa mlio puani.

"Naendelea, baba watoto, usiwe na haraka. 'Mwana wa kiume. Kichwa kitupu, nilijua tangu anatambaa.' Na hiki cha binti, kumbe kilikunjwa mara mbili. 'Chuo alikikosa kwa ujinga wake mwenyewe. Mshale nimempa ili aache kunililia.'"

Binti akasimama. "Mama, zima hicho kitu."

"Mimi simlaumu mtu, mwanangu. Mishale ndiyo inayosema."

Hata mimi nilikuwamo. Dada mtu: mjane mwenye mdomo, darasa la saba linamwasha kama upele. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana alikuwa ameniandika vizuri kuliko wote. Wengine hawakucheka. Mkwe alitoka bila kuaga, akiacha kofia yake kitini.

Tangu siku hiyo sebule ile haina mgeni. Mwana hupiga simu kuuliza kama dawa zipo, akikata upesi. Binti amemrudisha mtoto kwa bibi yake, analelewa jikoni kwa furaha tele, lakini humpitishia mlango wa nyuma ili yeye mwenyewe asione sura ya mzee. Shemeji husikia kicheko cha mjukuu ng'ambo ya ukuta. Aliyebaki naye ni mmoja tu, yule chanzo. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayemlisha uji kila alasiri mbele ya skrini, na kila alasiri humsomea kisanduku chekundu, mshale kwa mshale. Jirani wanamsifu, wanasema wake wa namna hiyo wamekwisha duniani.

Mkono wa kushoto nao ukaanza kuitika. "Mzee ana bidii!" mwuguzi alifurahi. Tukadhani anatafuta namna ya kutuambia neno. Siku moja nilikuwapo nikamwona. Mkono ulitambaa juu ya meza kama kaa aliyevunjika mguu, ukapumzika, ukatambaa tena, mpaka ukakifikia kipanya. Akakisukuma. Jasho lilimtoka. Akakibofya kisanduku chekundu, kisha akaburuta kidole hadi kwenye kibodi, akabonyeza kitufe cha kufutia.

Programu ile yenye adabu ikamwuliza katikati ya skrini: "Ukifuta kisanduku hiki, mishale yake yote itafutika. Una uhakika?" Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Shemeji akayageuza macho kwa mkewe. Mkono ulikuwa umeishiwa nguvu, haukuweza kurudi kwenye kipanya. Mtu yule, ambaye sikuwahi kumsikia akisema tafadhali hata kwa kuomba chumvi, alikuwa anaomba.

Mdogo wangu akaweka bakuli chini. Akaushika ule mkono kwa upole, akaulaza juu ya kipanya, akauongoza polepole, akaupitisha juu ya Ndiyo bila kusimama, akaufikisha kwenye Hapana. Hapo akambonyezea kidole.

"Umehangaika miaka yote na kitabu hiki, baba watoto," akamwambia. "Usijiharibie."

Swali likatoweka. Kisanduku kikabaki pale pale, chekundu, na mishale yake. Shemeji akatokwa na machozi kwa jicho moja, lile linaloweza. Uji ulikuwa umeruka kidogo kwenye skrini. Mdogo wangu akachukua kitambaa, akaifuta kwanza skrini, halafu kwa kitambaa hicho hicho akamfuta uso. Akavuta kiti karibu, akashika kijiko.

"Haya," akasema. "Tulifika kwenye pasi. Pasi iliungua kwa nini?"