Shemeji wa Kuangalia Juu

Watu wanadhani kuangusha mti ni kukata. Thubutu! Kukata hata mlevi anakata. Kazi ni kuuambia mti ulale wapi, nao ukubali. Muulizeni Kabari, fundi aliyezipenda kabari zake, vile vipande vya kupigilia kwenye mkato, mpaka majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi.

Kwanza anachonga mdomo upande ambao mti utaangukia, na njia ya kukimbilia ameshaifyeka. Kisha anakata kwa nyuma, ila hamalizi. Katikati anabakiza ukanda ulishike shina kama bawaba inavyoshika mlango. Halafu anagongea kabari nyuma ya msumeno, mti usije ukamrudia. Lakini injini ya msumeno ikinguruma, na masikio ameyaziba, hajui kinachotokea juu. Hiyo ni kazi ya shemeji yake, kaka wa mkewe: kusimama nyuma, macho kileleni, tawi kavu likitikisika amguse bega akimbie. Miaka yote hiyo Kabari hakuinua kichwa. Ainulie nini, na shemeji yupo?

Siku hiyo walikuwa uani kwa mwenye kiwanda cha mikate. Kabari kagonga kabari ya kwanza, anasogea achukue ya pili, puu! Tawi nene kama paja likatua pale alipokuwa amesimama. Bega halikuguswa. Akazima msumeno, akazibua masikio, akageuka. Shemeji alikuwa barazani na mwenye kiwanda, mti kaupa mgongo.

"Bosi, huyu amezeeka," anasema. "Ile miti mingine niite mimi. Nimeshanunua msumeno wangu."

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Kabari alitaka kuondoka saa ileile, na wala si kwa sababu ya tawi. Ila mti uliokatwa nusu hauachwi, utaua mtu. Akaumalizia mwenyewe, akiinua macho kila akipiga nyundo, mpaka ukalala palepale alipoutaka. Akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo. Akamweleza yote: tawi, baraza, msumeno mpya. Mkewe akabaki anakunja shati lilelile, anakunjua, anakunja tena.

"Unasikia, mke wangu? Kaka yako nusura aniue!"

"Nilimwambia akuambie mwenyewe," mkewe akasema bila kumtazama. "Kabla hajaununua huo msumeno."