Mwanamke wa Kaniki wa Mikoroshoni

Haya ninayoyaandika yamenikuta mimi, kwa macho haya haya na masikio haya. Sikuhadithiwa. Anayetaka kubisha na abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho. Shule nilisoma kidogo nikatolewa, lakini kichwa changu hakijapata kupoteza jina la mtu. Waulize watu wa huku kwetu Kiranjeranje. Hata vibarua waliokuja kuokota korosho nikiwa mtoto nawataja mpaka leo: Chitanda, Bi Tausi, Namkuna mwenye jicho moja, Sijaona na mdogo wake Likwata.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu walioolewa, na bado naogopa kuitwa. Unacheka? Ukiniita kutoka uwani nami sikuoni, siitiki. Ukiita mara ya pili, siitiki. Mara ya tatu ndipo nasema abee. Watoto wa kijijini wamenizoea. Wakitumwa kwangu huita mara zote tatu kwa pumzi moja, bibi-bibi-bibi, kisha husimama kusubiri huku wakisukumana kwa kicheko. Marehemu mume wangu Abdala alikuwa akisema kwamba siku nyumba ikiwaka moto, mimi nitaungulia ndani nikingoja kuitwa mara ya tatu.

Sikuzaliwa na hofu hiyo. Nitakueleza nilikoipata.

Mama yangu aliitwa Salima, mtu wa Sudi, huko kusini ya Lindi. Niliambiwa alikufa mimi sijaota meno. Nililelewa na mama yake baba, Bibi Mwanahawa, na shangazi yangu Zuhura, wakati huo msichana hajaolewa. Baba yangu alikuwa mtu wa kwenda kutafuta kazi mbali, akirudi hakai siku nyingi. Kaburi la mama nilionyeshwa, lipo nyuma ya mikorosho ya mzee Chande, na kila Ramadhani ilipokaribia nilikwenda kulipalilia na kulisomea. Nilichokitaka kuliko vitu vyote ni kujua mama alikuwa mtu wa namna gani. Nilimuuliza shangazi, mama alikuwa na sauti gani? Akaniambia hakumbuki.

Msimu wa korosho huleta wageni. Shamba linajaa watu usiowajua, kila mmoja na ndoo yake, na anayeingia hakuna wa kumuuliza. Basi msimu ulipoanza Bibi alinikalisha akanionya. Mikoroshoni kuna mwanamke anayevaa kaniki, ile nguo nyeusi, akasema. Alikufa na kilio cha kukosa mtoto, sasa anachukua wa wenzake. Hutoka wakati wa jua la utosi. Atakuita Asumini, jina ambalo si lako, na ukiitika umekwisha, hutaonekana tena. Ukiitwa na mtu usiyemwona, ngoja mara ya tatu, maana shetani haiti mara tatu.

Niamini, nilimwona. Mara ya kwanza meno ya mbele yalikuwa yananing'oka. Alitoka nyuma ya mkorosho amejitanda kaniki, uso mweupe wote, akaniita "Asumini" kwa sauti ya kukoroma, kisha akanikimbiza. Nilipita kwenye miiba sikuihisi. Nikajificha chini ya jamvi ghalani, nikajikojolea, mpaka shangazi Zuhura alipokuja kunitafuta. Alinibeba mgongoni, akanipa mabibo, akaniimbia. Nywele zake zilikuwa na maji kama mtu aliyetoka kuoga.

Nilimwona tena, na tena. Siku nyingine uso wake haukuwa na weupe wowote. Alisimama mbali, mkononi ana kitambaa kilichofungwa kitu ndani, na hakukimbia. Aliita tu, polepole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mtoto anatofautisha? Nilikimbia vilevile.

Hata mchana mmoja wakaja watu kwetu, yule wa kaniki na wanaume wawili. Wazee wakaketi mkekani, nikatolewa nje, nikaambiwa nimtazame yule mwanamke niseme kama namtaka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mwanaume mmoja aliponishika nilimng'ata kidole, damu ikatoka. Wakaondoka. Bibi aliniambia wale wanaume walikuwa watumishi wa yule mwanamke, nami nikashukuru kwamba nina bibi wa kunilinda.

Nilipokwisha kuchezwa unyago hakutokea tena. Lakini hofu ilibaki, ikaolewa na mimi, ikazaa na mimi. Shambani mchana peke yangu sikwenda. Wanangu walilia uwani huku mama yao akihesabu.

Sasa sikiliza. Msimu uliopita, wenzangu walikuwa wamekwenda kupeleka korosho kwenye mzani, nikachelewa chini ya mkorosho wa mpakani kwa sababu goti lilinikaza. Adhana ya Adhuhuri ikaisha. Nyenje wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikasikia nyuma yangu, "Asumini."

Nikageuka. Wallahi alikuwa yeye. Hakuzeeka hata siku moja, mimi nimekuwa kikongwe yeye ni wa kuwa mjukuu wangu. Kaniki ile ile, uso mkavu bila weupe. Nilimtazama miguu, maana ndivyo tulivyofundishwa. Ilikuwa miguu ya mtu, lakini alitembea juu ya majani makavu na hayakulia. Alikuja karibu kuliko alivyopata kuja tangu utoto wangu, karibu hata ningenyoosha mkono ningemgusa.

Akaita mara ya pili. Kisha akasema, "Mwanangu, niitikie basi."

Nikajifunika kanga usoni. Nikangoja mara ya tatu. Nikangoja, nikangoja, jasho linanitiririka mpaka kiunoni. Haikuja. Nilipojifunua palikuwa na ndoo yangu tu, na nyenje wameanza tena.

Kesho yake pikipiki ikasimama nyumbani, akashuka mzee mmoja mwenye kofia, mavumbi yamemjaa. Akabisha hodi, akaniamkia, "Shikamoo, dada." Nikamwitikia marahaba, nikidhani kapotea njia. Akauliza kama mimi ndiye binti wa marehemu Bakari niliyelelewa na Bibi Mwanahawa. Nikamwambia ndimi. Akavua kofia.

Alikuwa anaitwa Saidi, katoka Sudi. Alisema mama yetu Salima amefariki jana.

Nikamwambia mama yangu alikufa zamani, kaburi lake lipo, nimelipalilia kwa mikono hii. Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa. Akasema mama aliachwa na baba yangu akarudi kwao, akaolewa tena, akamzaa yeye na mdogo wake Esha. Kabla ya ugonjwa kumzidi ndipo alipowaambia kwamba wana dada huku Kilwa, na jina alilompa siku ya kuzaliwa ni Asumini. Jana Adhuhuri aliomba ageuzwe atazame mlangoni. Akaita Asumini, akatega sikio. Akaita tena, akatega sikio. Kisha akakata roho.

Nikauliza, "Aliita mara ngapi?"

"Mbili, dada."

Ninyi mngefanya nini? Mimi sikulia. Nilimpa maji ya kunywa, nikampikia, akapumzika. Kulipokucha nikapanda basi kwenda Kilwa Masoko. Shangazi Zuhura anaishi huko kwa mwanawe, macho yamekwisha lakini akili anayo yote. Nilimkuta barazani na kikombe cha uji.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza mbona sauti imekauka. Nikamwambia Salima amekufa.

Akaweka kikombe chini. "Wa Sudi?"

Hapo nikajua. Mtu niliyeambiwa kafa mimi sina meno, shangazi anauliza wa Sudi, kana kwamba tunamzungumza jirani.

Aliyasema yote, maana hakuwa na pa kukimbilia. Kwa mila za kwao mama, mtoto ni wa wajomba. Baba alipomwacha mama, wajomba walikuwa na haki ya kunichukua, na Bibi hakutaka, nilikuwa mjukuu wake wa pekee. Angewakataliaje mbele za wazee? Bibi akawaza, mtoto akimkataa mama yake mwenyewe, kwa kinywa chake, hakuna mzee atakayemlazimisha. Basi wakanibadilisha jina, wakasema la kwanza limenikataa ndiyo maana naugua. Wakanionyesha kaburi. Na wale wanaume wawili siku ile walikuwa wajomba zangu, ndugu wa tumbo moja na mama. Kidole nilichong'ata ni cha mjomba Athumani.

Nikamuuliza, "Na yule mwenye uso mweupe?"

Akapapasa ukingo wa mkeka. "Alikuwa mimi. Ule ulikuwa unga wa muhogo tu." Kisha, Mungu ni shahidi yangu, akacheka kidogo. "Ulikuwa na mbio wewe, mwanangu."

Shangazi Zuhura! Mgongo niliolalia baada ya kila kitisho, mikono iliyoniosha mkojo wa hofu, ndiyo iliyoitengeneza hofu yenyewe. Alinitisha, akaenda kunawa uso, akarudi kunibembeleza, nami nikampenda zaidi kwa kunibembeleza. Alisema Bibi alimwagiza anitishe kwa kaniki kama ya mama na kwa jina lile lile atakaloliita mama, ili siku mama akija kweli nisisimame. Na mama alikuja kweli. Misimu mingi alipita na vibarua, ndoo mkononi, ili anione. Ndani ya kile kitambaa mlikuwa na visheti.

"Na kaburi ni la nani?"

"La kibarua mmoja. Alikufa kwa homa. Mwanaume. Jina lake sikumbuki."

Mimi nisiyesahau jina la mtu, nimemsomea mtu nisiyemjua dua za mama yangu maisha yangu yote.

Akaongeza, kama anayenipa zawadi, kwamba mama alikuja hata harusini kwangu. Alikaa jikoni na wapishi, akakoroga pilau, akaondoka kabla sijatolewa nje. Alichelea nisije nikamkimbia mbele za watu. Wapishi wa harusi yangu nawajua wote kwa majina, Mwanashuru, Bi Kuruthumu, Fatu Likongo. Huyo mmoja hakuna aliyenitajia.

Nilisimama. Shangazi akasema walinipenda, kila walichofanya walifanya kwa kunipenda. Nikatoka. Nilipofika barabarani akaniita. Akaita mara ya pili, akaita ya tatu. Siku hiyo hata ya tatu sikuitikia.

Sasa hesabu na mimi. Nilipokuwa mtoto, yule wa kaniki mara nyingine alikuwa shangazi, mara nyingine alikuwa mama. Mbali na zile ninazoukumbuka uso mweupe, siwezi tena kutenganisha, zote ni woga mmoja kichwani. Lakini msimu uliopita shangazi ni kipofu yuko Masoko, na mama yuko kitandani Sudi anakata roho. Aliyekuja chini ya mkorosho wa mpakani, kijana, hakanyagi jani likalia, alikuwa nani? Mimi najua. Wewe amua mwenyewe.

Ungedhani kujua kungeniponya. Nilikwenda Sudi kwenye arobaini, na Saidi akanipokea stendi. Tulipofika nyumbani mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi ya msiba. Alikuwa mdogo wetu Esha, na uso wa Esha ni ule ule wa mikoroshoni, macho yale, kidevu kile. Akafungua mikono akasema, "Dada Asumini." Miguu yangu ikanigeuza kabla sijaamua. Nilijikuta nimefika kwenye mnazi wa jirani, nimeukumbatia, na watu wote wa arobaini wananitazama. Esha alisimama mlangoni, mikono bado iko wazi.

Ni mtu mwema, Esha. Hakukasirika. Jioni alikuja kukaa nami akanipa mgongo, akasema kwa utani, "Dada, nikikaa hivi unaniweza?" Tukazungumza hivyo usiku kucha, yeye anatazama ukuta, mimi natazama mtandio wake. Alinieleza mama alipenda kitu gani, alicheka vipi, alikaangaje samaki. Nilipomuuliza kuhusu sauti yake, akasema, "Kama hii yangu."

Siku hizi huja kunitembelea. Hufika na jua kali, maana basi la Lindi hufika saa hizo, na huniita akiwa bado njiani. Ninaitika papo hapo, mara ya kwanza, abee, kwa nguvu, nalazimisha. Lakini mlango siwezi kuufungua. Natuma mjukuu anifungulie, mimi nimekaa kitandani nimejifunika, naitetemekea sauti ya mama yangu.

Kwa hiyo ninyi wenye watoto na wajukuu, msiwatishe kwa sura ya mtu. Mkimtishia mtoto giza, atakua, atawasha taa. Mkimtishia mtu, hamna taa ya kumpa. Na wewe uliye mkubwa, unaogopa kitu na hujui kwa nini, tafuta aliyekuogopesha wakati bado anaweza kusema, umuulize alikuwa anakuzuia usimwendee nani. Usingoje. Mimi nilikaa nikangoja, na mama hakuwa na pumzi ya mara ya tatu.