Faraji wa Tanzia

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Faraji Mbaruku ana sauti. Sura hana, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ana uso ule ambao ukikutana nao asubuhi, jioni unajitambulisha upya. Lakini akifungua kinywa, hata kama anaomba chumvi tu, watu huacha kutafuna.

Ni mtu wa Tanga, Makorora, mtoto wa Bi Mwanahawa aliyekuwa akishona mashuka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndani ya gari la matangazo: ameketi mbele na kipaza sauti, akitangaza mechi za mtaani, dawa ya mende na watoto waliopotea sokoni. Baadaye akasikia kuwa Dar es Salaam wanatafutwa watu wa kuigiza kwenye televisheni, akapanda basi. Nafasi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya maiti. Alilazwa kitandani, akafunikwa shuka, wenzake wakamlilia kwa bidii, naye akapiga chafya. Baada ya hapo akawa askari, kisha mwenye nyumba mkorofi, kisha bwana harusi aliyetoroka. Watazamaji waliikumbuka harusi, waliukumbuka ukorofi, yeye hawakumkumbuka.

Aliyemwokoa ni Mama Olivia, mwanamke mwenye hasira za karibu aliyekuwa akisimamia kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki. Alimsikia Faraji kwenye korido akimuuliza mtu choo kiko wapi, akamshika mkono.

"Wewe njoo huku. Uso uache hapo hapo."

Ndivyo alivyopata kuwa sauti ya Bwana Serhati, tajiri mwenye masharubu aliyewadhulumu ndugu zake msimu baada ya msimu. Kazi ile si mchezo, asikudanganye mtu. Unavaa hedifoni, unamtazama yule bwana kwenye kioo, midomo yake ikifunguka nawe unaanza, ikifumba nawe unanyamaza. Kiswahili chetu kina maneno marefu, kwa hiyo lazima ukimbie bila kusikika kwamba unakimbia. Hayo yote Faraji aliyaweza mapema. Kilichomshinda ni kulia. Siku Bwana Serhati alipofiwa, Faraji alilia kwa kwikwi mpaka maneno yakapotea, na Mama Olivia akasimamisha kila kitu.

"Ukishalia wewe, mtazamaji atabakiwa na nini? Kausha sauti. Sema maneno, mengine mwachie mwenye televisheni yake."

Faraji akakausha. Tangu siku ile watu walilia majumbani kwao, na yeye mbele ya kipaza sauti macho makavu.

Mcheza kwao hutuzwa, lakini Tanga walimtuza nusu. Akiingia dukani kuulizia sukari, wanawake waligeuka wakimtafuta Bwana Serhati, wakamwona huyu mwenye kandambili, wakaendelea na shughuli zao. Mama yake peke yake ndiye aliyewaona wote wawili. Kila kipindi kikiisha, Bi Mwanahawa alipiga simu.

"Faraji, yule mdogo wako umemfukuza nyumbani na mtoto mchanga?"

"Mama, mimi nimetia sauti tu."

"Hata mwizi husema alishika ngazi tu. Kesho umrudishe."

Tamthilia ikaisha. Iliyofuata ikapelekwa kwingine, na Mama Olivia akafungua duka la vipodozi. Faraji akapata kazi ya ulinzi Doha, kwenye jengo la ghorofa huko Al Thumama, ambako ndege hupita juu ya vichwa kutwa nzima. Kazi yenyewe ilitaka maneno matatu manne: habari ya asubuhi kwa Kiingereza, kitambulisho tafadhali, asante bosi. Sauti yote ile ikakaa ndani ya kibanda chenye kiyoyozi kama cherehani kwenye nyumba isiyo na kitambaa.

Alikaa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na Mussa, dereva wa familia ya Kiqatari, ambaye wiki nyingine hakulala chumbani kabisa. Kwa hiyo mazungumzo ya kweli ya Faraji yalikuwa na mama yake, kila siku ya ofu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamharibu Bi Mwanahawa miguu, hatoki nje, na habari za Doha hakuzitaka. Alitaka kujua Bwana Serhati angefanya nini kama tamthilia ingeendelea. Faraji alimtungia: leo katubu, kesho kageuka tena. Mama akacheka, akalaani, akaomba maji ya kunywa. Wakimaliza alisema, "Haya, muweke huyo Mturuki pembeni. Sasa toa sauti yako nikusikie." Hapo Faraji alimwambia hali yake, kama kala, kama kalala. Duniani hakuwa na mtu mwingine aliyeitaka sauti hiyo, na alijua.

Mambo yaliharibika kwa wema. Kijana mmoja wa Kigoma, mfanyakazi wa dobi, alifariki usingizini. Kassim, mzee anayeongoza chama cha kuzikana cha Watanzania, aliandika tanzia kwenye kundi la WhatsApp na watu wakaipita kama tangazo la simu za mtumba. Akamfuata Faraji.

"Mwanangu, watu hawasomi. Hebu iseme wewe."

Faraji alitundika mablanketi kuzunguka kitanda ili kiyoyozi kisisikike, akaisema. Alimtaja marehemu, baba yake, mama yake, mtaa aliokulia. Sauti kavu, kama alivyofundishwa. Wapishi walilia juu ya masufuria, madereva waliegesha magari pembeni. Mchango wa kusafirisha mwili ulitimia, na kijana wa watu akarudi kwao. Kutoka hapo kila msiba ukawa wa Faraji. Kafa mtu Doha, ni Faraji. Kafiwa mtu na mama yake Singida au babu yake Pemba, ni Faraji. Jina likamganda: Faraji wa Tanzia.

Sauti waliyoipenda ikawa inaleta jambo moja tu. Jina lake likitokea kwenye simu, mtu anashika kifua. Warda, mpishi wa hoteli kutoka Unguja, zamani alikuwa akimwomba amwigizie Bwana Serhati mpaka anakaa chini kwa kicheko. Huyo huyo aliangusha sufuria ya mchuzi siku Faraji alipompigia kuuliza mbaazi zinalowekwa kwa muda gani.

"Mbaazi?" Warda alisema alipopata pumzi. "Mie nina mama yangu mgonjwa Makunduchi, we wanipigia kwa mbaazi? N'akuomba Faraji, ukinitaka n'andikie. Usinipigie, na sauti usinitumie."

Wengine nao wakamwambia hivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa heshima. Na kwa maandishi Faraji si mtu wa maana. Aliandika kama anajaza daftari la getini: Salama. Nipo. Joto kali. Sasa mtu atajibu nini hapo? Ijumaa walipokutana walimpa mkono, wakamuuliza, "Kwema lakini?" kwa namna ya mtu anayetaka kuambiwa kwema kisha aondoke. Chakula alipewa, nafasi ya kukaa alipewa, ila utani hakupewa tena. Alikuwa mpweke, na sina neno la kulipamba hilo.

Halafu likaja baya zaidi: hata kwenye tanzia wakaacha kumsikiliza. Waliona jina lake na alama ya sauti, wakajua. Faraji hajamaliza bismillahi, watu wameshaandika inna lillahi na kutuma viganja vya dua. Aliyetaka kujua nani kafa alisubiri kidogo, akauliza, "Kwa nani jamani?" na mwenzake akamjibu. Sikukuu ya Idi Faraji alijitia ujasiri, akatuma salamu za Idi kwa sauti, na akaimba kidogo mwishoni. Nusu ya kundi walimjibu poleni wafiwa. Watu walipogundua walicheka wiki nzima, na yeye akacheka nao, lakini salamu nyingine hakutuma.

Kuna utaratibu wa kwetu: mfiwa hapigiwi simu kavukavu. Ndugu wa nyumbani humtafuta mtu aliye karibu naye, huyo hukusanya wawili watatu, wakaenda, wakakaa, wakaomba maji, ndipo wakasema. Hapa Doha huyo mtu wa karibu alikuwa Faraji. Sasa Bi Mwanahawa alipofariki, Jumamosi alfajiri, binti yake Rehema alishika simu pale Makorora akiwaza ampigie nani. Namba ya Doha aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Kinyozi hajinyoi.

"Kaka," Rehema alisema, "umekaa?"

Swali hilo Faraji alikuwa amewauliza watu wengi. Akakaa.

Kazini wakampa siku ile moja ya kupumzika. Ndege ya kumwahisha haikuwepo, maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Alimpigia Kassim, simu imezimwa, mzee katoka zamu ya usiku kalala. Mussa alikuwa jangwani kambini na familia ya kafili wake, yule mwajiri wa Kiqatari, hapatikani. Wengine walishamwambia asiwapigie, naye ni mtu wa adabu. Isitoshe, mfiwa hapiti kwa watu akiwaomba waje kumlilia, haya za kwetu hazikubali. Akafanya alichokijua. Akatundika mablanketi.

Mara ya kwanza alifika kwenye jina, sauti ikakatika. Akafuta. Mara ya pili ikamkatikia kwenye "mama mzazi". Akafuta. Mara ya tatu akaikausha.

"Chama cha kuzikana kinasikitika kutangaza kifo cha Bi Mwanahawa binti Salehe, mama mzazi wa mwenzetu Faraji Mbaruku. Marehemu atazikwa leo, Tanga. Hapa Doha msiba uko Fereej Bin Mahmoud, nyumbani kwa mfiwa."

Ilitoka safi kabisa. Laiti angeituma ile ya kwanza! Mtu mmoja angeifungua, angemsikia analia, angeruka kitandani. Hii ilikuwa tanzia kama tanzia zote, na ikapokewa vivyo hivyo. Viganja vikamiminika. Poleni wafiwa. Mola awape subira wafiwa. Mmoja, nisimtaje jina nisije nikamtukana, aliandika: "Ahsante Faraji kwa taarifa, Mungu akulipe kwa kazi nzuri."

Faraji aliyasoma yote. Kisha akasogeza vitanda ukutani, akatandika mkeka, akachemsha kahawa, akapanga vikombe na sahani ya tende. Mlango akauacha wazi ili watu wasipate tabu ya kubisha. Akaketi.

Watu walipita koridoni. Alipita jirani Mnepali na ndoo ya nguo, wakapita wengine na mifuko ya sokoni. Walimwona mtu yuko peke yake mkekani na vikombe vingi, wakatabasamu, wakaenda zao. Mpwa wake aliyeahidi kumshikia simu makaburini alipiga, picha ikaonyesha miguu ya watu na kona ya jeneza, mtandao ukakatika. Faraji akaitazama simu mpaka kioo kikazima. Kahawa ikapoa, akaipasha. Ikapoa tena. Alasiri ikaadhiniwa, akaswali, akarudi pale pale mkekani kumngoja yeyote. Hata mtu asiyempenda angefaa.

Ndipo simu ikaita, na jina lilikuwa la Warda. Warda ndiye anayepika kwenye misiba ya Watanzania hapa. Halipwi mtu kwa hilo, ni moyo wake tu.

"Faraji, samahani, leo nakupigia mwenyewe," alisema, maneno yakikimbizana. "Nimetoka kazini, nimepika pilau ya msibani, sufuria nimeipakata kwenye teksi, na dereva aniuliza twende wapi. Tanzia yako sijaisikiliza, wajua tena hali yangu. Msiba uko wapi?"

"Fereej Bin Mahmoud," Faraji alisema, kwa sauti ile ile ya kazi. "Nyuma ya duka la mikate, ghorofa ya pili."

"Huko si kwako? Mie nakuuliza kwa mfiwa."

Faraji aliitafuta sauti ya kazi asiipate. Alifungua kinywa kikatoka kitu kingine, chembamba, kinachotetemeka, ambacho Warda hakuwahi kukisikia kwa Bwana Serhati wala kwenye tanzia yoyote.

"Ni mama, Warda. Mama yangu."

Warda, yule aliyekataza kupigiwa, hakukata simu. Alimwambia dereva apite njia ya mkato, akaishusha sufuria miguuni, akamwacha Faraji alie sikioni mwake njia nzima. Alipofika juu ya ngazi simu ilikuwa bado iko sikioni, ingawa mlango ulikuwa wazi na walikuwa wanaonana.