Jiwe la Mama Nyuma ya Turubai

Sijaona watu waliopenda unyenyekevu kama wazee wa kanisa letu la Goma, mradi unyenyekevu wenyewe ubebwe na mtu mwingine. Waasi waliposhika mji, wazee hao walitoa sofa nyumbani kwao wakazipanga mbele ya mimbari, ili kamanda akija ibadani asiumie mgongo. Kamanda alikuja mara mbili. Mara zote mbili alisinzia, na mara zote mbili mchungaji alishusha sauti asimwamshe. Mimi nilikuwa mwandishi wa kanisa na mwalimu katika shule yake, na nilikuwa mmoja wa waliobeba sofa hizo. Nasema hili mapema, usije ukadhani ninawacheka nikiwa nje ya dirisha.

Kwetu, Mkristo aliyekosa huwekwa chini ya nidhamu. Jina lake huandikwa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, naye huhamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Haimbi kwaya, hagusi meza ya Bwana. Atabaki huko mpaka Jumapili jina lake litakaposomwa kwamba amerudishwa, na mchungaji amshike mkono, amtembeze katikati ya watu mpaka mbele.

Mama yangu aliwekwa kwenye benchi hilo kwa sababu ya maji. Shamba letu la maharagwe lilikuwa Kibati, nje ya mji, na asubuhi moja alimkuta askari wa serikali, wa upande ulioshindwa, amelala kati ya matuta na jeraha mguuni. Alimpa maji ya bidoni, dumu lake la shambani, na ndizi mbili, kisha akaendelea kupalilia. Jirani aliona. Jumamosi yake wazee wakamwita. Kiongozi wao, mzee aliyetoa sofa kubwa kuliko zote, alimuuliza amewaficha wapiganaji wangapi.

"Sikuficha mutu," mama alisema. "Alikuwa na kiu, nikamupa mayi. Akikuja mwingine, nitamupa."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, andika kwamba anahifadhi wapiganaji nyumbani kwake, na amekiri."

Niliandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri, kila mtu aliusifu. Nilimwogopa kamanda, niliogopa kupoteza kazi ya shule, na sitaki kuupamba woga huo kwa jina lingine. Mama alinitazama mpaka nilipoweka nukta. Kisha akawauliza wazee, kwa heshima zote, Jumapili akae upande gani wa benchi.

Alikaa huko miaka. Kamanda alipokuja kusinzia kwa mara ya pili, mlinzi wake aliketi kwenye benchi hilohilo na bunduki mapajani, na mama akamsogezea nafasi. Nilimdharau kwa hilo. Niliwadharau wazee kwa unafiki wao na nikamdharau mama kwa utii wake, na katikati ya dharau hizo mbili nikajiona mtu mwenye akili. Shuleni nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za neema, tena kwa mifano.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Moto ulishuka mpaka katikati ya mji, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani. Tuliporudi, tulipita juu ya mawe yaliyokuwa bado yanayeyusha soli za viatu. Mahali pa kanisa ilionekana ncha ya ukuta mmoja tu. Mimbari, sofa, benchi la mwisho na lile daftari jeusi, vyote vilikuwa chini ya mawe hayo.

Hapo ndipo waumini wetu walipogundua neema. Habari ilienea haraka kuliko ule moto: daftari limeungua, Mungu mwenyewe amefuta majina. Kiongozi wa wazee, ambaye mkwe wake alikuwa humo kwa uzinzi, alipanda juu ya jiwe akatangaza kwamba Bwana hakumbuki tena. Jumapili ya kwanza ya meza ya Bwana, chini ya turubai tuliyopewa msaada, wapika pombe ya kasiksi, waume wa wake wawili na mashahidi wa uongo walisukumana kwenda mbele kama watu wanaogombea unga. Maelfu walikuwa hawana pa kulala, lakini sisi tulikuwa tunaimba kwa furaha kwa kuwa daftari letu limeungua.

Mama hakwenda. Benchi halikuwapo tena, basi alikokota jiwe la volkano mpaka mahali ambapo benchi lingekuwa, karibu na nguzo ya nyuma. Alikunja kitenge chake, akakiweka juu yake, akaketi.

Nyumbani nilimkaripia. Nilimwambia daftari halipo, hakuna tena anayemfungia meza ya Bwana.

"Papa," alisema, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "unawaza Mungu anachoma nyumba za batu kusudi miye nipate mukate? Akitaka kunirudisha, ananijua jina. Walinifunga mbele ya batu, wanifungue mbele ya batu."

"Wazee wenyewe ni waongo, mama."

"Najua. Siko natii uongo wao. Niko nangoja Mungu kwenye nafasi aliniachia."

Nikatoka nje nikicheka kwa hasira. Niliona ni ukaidi wa mwanamke wa shamba.

Mwaka ule kifua kilianza kumsumbua. Alikohoa mpaka akakaa chini, na mganga wa dispensari hakutuficha kitu. Mama alitaka jambo moja tu kabla hajafa, kula meza ya Bwana. Mchungaji mgeni, aliyetoka upande wa Butembo na asiyejua lolote la zamani, aliniuliza Jumapili moja asubuhi kwa nini yule mama wa nyuma haji mbele. Wazee walijua, nami nilijua zaidi yao. Nikamjibu kwamba miguu inamsumbua. Kusema uongo kulikuwa kumekuwa rahisi kwangu kama kufuta ubao.

Jumapili hiyohiyo nilipewa sahani ya mkate niizungushe. Nilifika kwenye safu ya mwisho, kwenye jiwe la mama. Hakuinua macho, wala hakunyoosha mkono. Alivuta miguu yake nyuma, nipate njia.

Nikapita. Nikamaliza safu, nikarudisha sahani mezani. Sikuwa na mtu wa kumdharau tena isipokuwa mimi mwenyewe, na dharau hiyo haina raha hata kidogo.

Meza iliyofuata, kabla ya mkate, nilisimama nikaomba kusema. Nikasema kwamba mama yangu alimpa mtu maji, kwamba hakumficha yeyote, kwamba hakukiri chochote, na kwamba mkono ulioandika uongo ule ni huu. Niliuinua. Kiongozi wa wazee alikuwa ghafla anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Mchungaji mgeni hakuuliza zaidi. Alitembea mpaka nyuma, akamshika mama mkono, wakaja polepole katikati ya watu, wakisimama kila alipokohoa.

Wazee walioshindwa miaka yote kusema neno moja juu ya mama walikata shauri langu hata kabla ya wimbo kwisha. Mwandishi aliyedanganya katika daftari la kanisa hawezi kushika sahani, alisema kiongozi wao kwa sauti ya huzuni kubwa, aende nyuma. Nilitaka kumjibu, na maneno nilikuwa nayo. Lakini mzee yule mnafiki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amesema kweli. Nikaenda. Nafasi haikuwapo ila jiwe la mama, naye alikuwa ameondoka na kitenge chake; nikalikalia, likanichoma kila mahali.

Mbele, mama alipokea mkate kwa viganja viwili, akala, akanywa. Walimwonyesha kiti cha safu ya kwanza. Akakiangalia, akashukuru, kisha akageuka akarudi nyuma, akishika mabega ya watu njiani. Alipofika aliniinua kwa kiwiko, akakunja kitenge chake mara nne kama alivyozoea, akakiweka.

"Kalia sasa," alisema. "Iyi jiwe inauma. Miye naijua."