Boriti za Mwezi Mpevu

Watu wa Bofu hawana majivuno. Wao husema kweli tu, na bahati mbaya kweli yao kila mara huwasifu. Basi kweli mojawapo ni hii: miaka ile vita vya Wazungu vilipokwisha, kutoka Likoni hadi Kisauni hapakuwa na fundi wa nyumba za boriti na udongo aliyemfikia Faki. Mwenye kubisha na atuonyeshe nyumba ya babake, tuitazame kama ingali imesimama.

Faki hakuwa na rula. Alipima kwa kamba na kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na ukimwuliza je, mwenye mkono mfupi, alikujibu basi na ajenge nyumba fupi. Alichimbia nguzo, akalaza boriti, akafunga fito kwa kamba za minazi, fundo juu ya fundo, mpaka nyumba ikawa kama tenga kubwa linalongojea udongo. Kule Magogoni kijana mmoja aliapa kwamba tenga lile halimwezi, akapanda juu akacheza ngoma. Kilichovunjika kilikuwa mguu wake.

Boriti aliletewa na Baya, Mduruma aliyekata mikoko katika hori ya Mwache. Wawili hawa walichanjiana ujanani, damu kwa damu, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyekula sikukuu bila mwenziwe, yule na Idi yake, huyu na Krismasi yake.

Sasa sikilizeni, nyinyi mliozaliwa katika nyumba za mawe. Mkoko hukatwa mwezi ukiwa giza. Ukikatwa mwezi mpevu, maji yake matamu yamepanda juu, na dumuzi, mdudu atobaye miti, hupenda utamu kama mwalimu wa chuoni apendavyo halua. Huingia ndani ya mti, akala polepole, na kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana fundi hugonga kila boriti kwa konzi na kuinusa pale ilipokatwa kabla ya kuipokea. Faki aligonga boriti za watu wote isipokuwa za Baya. Kugonga boriti za ndugu uliyechanjiana naye ni kumwita mwongo mbele za watu. Afadhali umtukanie mama.

Mwaka wa arubaini na saba kampuni moja ya bandarini ilitaka kujengea wafanyakazi wake nyumba arubaini huko Changamwe. Mtu mmoja wa bara akaja na kuta za simiti zilizokwisha kumiminwa, mabamba mabamba, zikishushwa kwenye lori na kusimamishwa kama karata. Bwana mkubwa wa kampuni hakumwamini sana. Akasema ijengwe nyumba moja ya mabamba na moja ya boriti, zikae mwaka, itakayobaki nzima ndiyo itakayozaa zile arubaini. Ya boriti akapewa Faki.

Mabamba yalisimamishwa kwa siku nne tu. Faki alicheka hadi akakaa chini, akasema ukuta uliokuja kwa lori siku moja utapanda lori urudi kwao. Lakini moyoni hakucheka. Alijua nyumba arubaini ni kazi ya uzee wake wote, na akishindwa, hakuna atakayemwita fundi tena. Atakuwa mzee mwenye kamba.

Baya akaleta korija sita, ishirini ishirini, za boriti na fito, tena kabla ya siku waliyoagana. Faki akamshukuru, akazisimamisha. Siku ya kukandika, nusu ya Bofu ilivuka kivuko kwenda Changamwe. Mkewe Faki, Mwanatabu, akapika wali wa nazi sufuria tatu, wanaume wakakanyaga udongo, wanawake wakarusha maneno, na kufikia alasiri kuta zilikuwa zimeshiba.

Masika ilipokuja, nyumba ya mabamba ilivuja katika viungo vyake vyote, wakaaji wakaziba kwa magunia. Ya Faki haikupitisha tone. Miezi ile Faki hakuvumilika. Alimsimamisha kila mpita njia na kumwuliza, kwa upole, kama amewahi kuona ukuta unaovaa gunia.

Kisha jua likarudi, na kaskazi, na asubuhi moja akaona unga mweupe sakafuni, chini ya mwamba wa mlango, boriti ile ya juu. Akauchota kwa kidole. Akagonga boriti, ikalia kama debe tupu. Akagonga ya pili, ya tatu, akazunguka nyumba nzima akigonga, na kila iliyomjibu ilimjibu vilevile. Hakuhitaji kuuliza zilikatwa lini. Alichohitaji kujua ni kwa nini.

Alimkuta Baya uwanja wa mabamba, kofia mpya kichwani, penseli sikioni. Amekuwa nyapara. Faki hakumsalimu.

"Ulizikata mwezi mpevu," alimwambia.

Baya alitazama huku na huku. "Faki, mikoko inakwisha. Mwenye mabamba amenipa unyapara, na mabamba yakishinda utakuwa wa kudumu. Nami nina watoto."

"Usiniambie?"

"Ningekuomba ruhusa, ungenipa?"

Faki akaona hilo ndilo swali la kijinga kuliko yote aliyopata kuulizwa, akageuka akaenda zake.

Siku ya ukaguzi bwana mkubwa alikuja na fimbo. Akachoma boriti moja, fimbo ikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Akauliza, kwa Kiswahili chake kilichovunjika miguu yote, nani amekata miti hii.

Watu wote walimgeukia Faki. Baya alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya bwana. Faki angeweza kunyoosha kidole. Lakini fundi asiyegonga boriti hana wa kumlaumu, na zaidi ya hayo alitaka kitu kimoja tu: Baya ajitaje kwa kinywa chake mwenyewe. Akamngoja. Kisha Baya akatoa penseli sikioni na kuanza kuandika katika daftari lake, naye hajui kuandika. Bofu nzima yajua.

"Boriti za nyumba yangu ni zangu," Faki akasema.

Nyumba arubaini zikawa za mabamba. Jioni ile Mwanatabu alimwuliza kwa nini hakumtaja.

"Nilimwachia nafasi," Faki akasema.

"Baba Mwanarusi, wewe ulimwachia nafasi tangu siku ya kwanza," mkewe akajibu, akaondoa sahani.

Hazikupita masika mbili, mkewe Baya, Nyevu, akaja Bofu. Akaamkia, akaketi, akanywa kahawa. Alieleza kwamba nyumba ya mabamba waliyopewa ina joto la tanuri, watoto wanalala nje. Baya amepata kiwanja kwa jamaa zake na anataka kujenga nyumba ya kulalia watu, ya boriti na udongo. Amesema fundi ni mmoja tu. Kaona haya kuja mwenyewe, sijui mna nini nyinyi wanaume, kamtuma yeye.

Mwanatabu akaacha kupepeta mchele.

"Shemeji," Faki akasema, "mwambie kujenga nitajenga. Boriti akate yeye."

Nyevu akafurahi kwa kuwa hilo lilikuwa jepesi. Akauliza ngapi. Faki akamhesabia kwa vidole, nguzo kadhaa, boriti kadhaa, fito mafungu kadhaa, bila kupunja hata moja.

"Na azikate lini?"

"Mwambie zisipungue ubora wa zile za Changamwe. Mwezi ule ule."

Nyevu aliondoka akiyarudia maneno yale njiani, asiyasahau.